Injini Imenoki, na Baba Bado Hajui

Mimi ni kijana wa miaka 31, nakaa Kizingo, Mombasa, nina mke na mtoto mmoja. Mwezi wa tatu nilinunua gari la michezo la milango miwili, la tabo, kutoka yadi moja hapa mjini. Lilitoka Japani, lina umri wa miaka 2, na saa yake ilikuwa inasoma kilomita 14,000. Bei ilikuwa shilingi milioni 4.6. Milioni 3 ni mkopo wa Sacco ya kazini. Laki 8 alinipa baba baada ya kuuza kipande cha shamba la minazi kule Kilifi, na zilizobaki ni akiba yangu. Zile za baba zilikuwa za kuanzisha biashara. Nilimwambia biashara itafuata.

Mwezi wa saba, nikipanda Mazeras, nilisikia mlio wa kugonga ndani ya injini, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilijikokota mpaka kituo cha petroli kilichokuwa mbele, gari likazima. Tangu nilinunue lilikuwa halijafika hata kilomita 5,000. Oili nilibadilisha mara moja, kituoni. Sasa liko gereji Changamwe. Fundi anasema injini imenoki na kosa ni langu, nimelikanyaga mno. Kila mtu akija analiwasha asikie mlio, na wote wanasema vivyo hivyo. Yadi wananionyesha risiti imeandikwa "limeuzwa kama lilivyo". Baada ya kuwasihi wamesema watatoa nusu ya laki 9, bei ya injini iliyotumika kutoka Japani pamoja na kazi, mradi nitie sahihi karatasi kwamba sitawadai tena. Fundi mwingine anasema tupasue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nidai bima kwamba niligonga jiwe. Na kuna bwana wa Malindi anataka kulichukua lilivyo kwa milioni 1.8.

Baba nimemwambia gari liko kwa rangi. Mke wangu anajua nusu. Silali. Nifanye nini?

Aliyekosa Usingizi, Kizingo

---

Mwanangu, kabla hujasoma mstari wa pili, piga simu Changamwe umwambie fundi gari lisiwashwe tena na injini isifunguliwe. Fanya hivyo sasa hivi, kisha urudi tuzungumze. Kila sekunde injini iliyonoki inapozunguka, chuma kinasaga chuma, na konrodi iliyolegea inaweza kukatika ikatoboa bloku. Hapo utakuwa umepoteza injini na pia ushahidi wa kilichoiua. Kwa hali uliyo nayo leo, ushahidi huo ndio mali yako kubwa kuliko gari lenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu katika barua yako nzima sijaona mtu hata mmoja aliyeiona beringi. Fundi amesema ni mguu wako. Wote waliokuja kusikiliza wamesema ni mguu wako. Na wewe, kwa ulivyoandika, umeshaanza kukubali kwamba ni mguu wako. Hukumu imetolewa na watu waliosimama nje ya boneti wakisikiliza mlio. Mlio unaeleza kilichovunjika. Kwa nini kimevunjika hauelezi. Na ni hiyo "kwa nini" itakayoamua nani atalipa.

Ngoja nikueleze kilichomo humo ndani, maana ukikielewa hutababaishwa tena na mtu. Kila pistoni imeshikwa na konrodi, na konrodi imelikumbatia krankishafti kwa vipande viwili vya chuma laini vya nusu duara, unene wake milimita mbili hivi au pungufu. Hizo ndizo beringi. Beringi na krankishafti hazitakiwi kugusana hata kidogo. Kati yake kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita, nayo imejazwa utando wa oili unaosukumwa na pampu. Gari likiwa na mzigo, kama pale Mazeras, utando huo ukikatika kwa sekunde chache beringi inachomeka na kulika, na konrodi inaanza kucheza mahali palipokuwa pamebana. Mlio uliousikia ni huo.

Utando wa oili hukatika kwa sababu nyingi, na karibu kila sababu huacha alama yake. Injini iliyokosa oili hutoka na beringi zilizoungua na krankishafti lenye rangi ya samawati ya kuchomeka, na aghalabu si beringi moja tu. Iliyozibwa mfyonzo wa oili utaikuta na vipande vya gundi ya silikoni au uchafu kwenye kile kichujio kilichozama ndani ya sampu. Iliyotoka kiwandani na chembe za chuma ndani yake huwa na mikwaruzo kwenye beringi hata zile ambazo hazijanoki. Iliyozungushwa kupita kiasi, kwa mfano dereva akikosea gia akaingiza ya pili badala ya ya nne, mara nyingi huwa na vali zilizopinda au kugusana na pistoni, na katika baadhi ya magari ya michezo kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya kosa hilo. Iliyochomwa na petroli dhaifu, au na programu ya kompyuta iliyochezewa ili itoe nguvu zaidi, huonyesha pistoni zilizodonolewa juu na kingo za ringi zilizovunjika.

Unaona basi? "Umelikanyaga" ni neno rahisi kulitamka, lakini ni dai linaloweza kupimwa. Gari la michezo limetengenezwa likanyagwe. Likitunzwa oili yake, likapashwa moto kabla ya kubanwa, halina ruhusa ya kufa kwenye kilomita 19,000 kwa sababu mwenyewe alipanda mlima.

Na usidhani viwanda vikubwa havikosei. Mwaka 2014 Porsche waliwaambia wenye magari yote 785 ya 911 GT3 mpya ya mwaka huo wasiyaendeshe, baada ya mawili kushika moto Ulaya. Walipochunguza wakakuta bolti za konrodi zinalegea na konrodi inatoboa injini. Hawakumuuliza mtu alikuwa anakwenda kasi gani. Walibadilisha injini za yote 785. Mwaka 2024 Toyota waliita kurekebishwa magari kama laki moja ya Tundra na Lexus LX nchini Marekani, kwa kuwa chembe za chuma za wakati wa kuchonga injini huenda hazikusafishwa zikaisha. Hayo si ya michezo, lakini ugonjwa ni huu huu: injini mpya, oili safi, na kitu kilichoachwa ndani tangu siku ya kwanza. Sisemi kwamba ndicho kilicholipata gari lako. Nasema hakuna mwenye haki ya kukuambia sicho kabla hajafungua.

Namna ya kufungua ndiyo yenye uzito wote. Andika barua kwa yadi, barua ya karatasi, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa. Iwe fupi: tarehe ya kununua, namba ya chesisi, kilomita siku ile na kilomita leo, kilichotokea, na gari lilipo. Usimlaumu mtu wala usikiri kosa ndani yake. Waambie kwamba injini itafunguliwa siku fulani, wape kama siku kumi, na uwaalike walete fundi wao ashuhudie. Wakija, vyema. Wasipokuja, hawataweza kusema baadaye kwamba ulipanga mambo kisirisiri. Kisha tafuta mtu asiye wa yadi na asiye wa gereji ile. AA Kenya hufanya ukaguzi wa magari, na wapo wahandisi wa magari wanaojitegemea wanaoandika ripoti yenye jina na sahihi. Utalipa kidogo, na ndizo pesa zitakazokusaidia kuliko zote ulizotumia mwaka huu.

Siku yenyewe waanze kwa kuchomeka mashine na kuchapisha kila kosa lililomo kwenye kompyuta, kabla betri haijachomolewa. Halafu kijiti cha oili kipigwe picha: kina oili kiasi gani? Oili imwagwe kwenye chombo safi, chupa moja ijazwe na ifungwe kizibo mbele ya watu wote. Ukiielekeza juani utaona vumbi la beringi linang'aa ndani yake mithili ya mchanga wa pwani. Kichujio cha oili kikatwe kifunguliwe. Sampu ishushwe, kichujio cha mfyonzo kitazamwe na kupigwa picha kabla hakijaguswa. Ndipo beringi zitolewe moja moja, kila moja iandikwe namba ya silinda yake. Na chuma chote kinachotoka ni chako, mwanangu. Kitie kwenye boksi ulichukue nyumbani. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu gereji iliuza injini kwa mtu wa skrepu kabla mkaguzi hajafika.

Sasa yako wewe, na hapa nataka uwe mkweli hata kama inauma. Ulibadilisha oili kituoni. Oili gani? Magari mengi mapya ya Japani ya aina hii yametengenezwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30, na huku kwetu mtu wa kituo akiona joto la Mombasa atakutilia 20W-50 akidhani anakusaidia. Oili nzito peke yake kwa kawaida haiui injini kwa miezi miwili, lakini wakili wa yadi ataishika hiyo kwa mikono miwili. Tafuta risiti. Ukiwa nayo ionyeshe, ukiwa huna sema huna. Na petroli je? Gari la tabo kutoka Japani mara nyingi hutaka ile wanayoiita haioku, yenye oktani karibu na 100, na kibandiko cha kusema hivyo kiko ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani. Kama hakuna aliyekusomea, yadi waliokuuzia walikuwa na wajibu wa kukueleza. Mwisho, ile taa nyekundu. Ulijikokota mita ngapi baada ya kuwaka? Taa nyekundu ya oili maana yake ni kuzima palepale, hata kama ni katikati ya mlima. Kama ulikwenda nusu kilomita, huenda uliongeza hasara, lakini mlio ulitangulia taa, kwa ulivyoandika mwenyewe, na hilo ni jambo muhimu: injini ilikuwa imeshaumia kabla hujakosea. Liandike kwa mpangilio huo huo, leo, wakati bado unakumbuka.

Yadi nao wana ya kujibu. Gari la Japani la mnada huja na karatasi ya mnada yenye gredi na maelezo ya kasoro, na gredi ya R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Waombe karatasi hiyo kwa namba ya chesisi. Gari la miaka 2 lenye kilomita chache, kwa nini mwenyewe aliliuza mapema hivyo? Pengine alichoka nalo tu. Pengine lilikuwa likienda mbio za uwanjani kila Jumapili. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kwa hiyo hili lako halikuwahi kupita ukaguzi huo, na ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango, kabla ya kupakiwa melini hauangalii ndani ya injini. Papo hapo tazama pia kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, upande wa Japani: wengi wana mahali pa kuingiza namba ya chesisi ukaona kama gari liliwahi kuitwa kurekebishwa. Waranti ya kiwanda usiitegemee, maana kwa kawaida hubaki Japani gari likishauzwa nje, na wakala wa hapa hafungwi nayo. Muulize hata hivyo, kwa adabu.

Tuje kwenye "limeuzwa kama lilivyo". Maneno hayo yamekutisha kuliko yanavyostahili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia mfanyabiashara kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutamka, na haimruhusu kuifuta ahadi hiyo kwa sentensi moja chini ya risiti. Na kwa kuwa ulinunua yadini Mombasa, unadaiana na mtu aliye hapa. Ungekuwa umeagiza mwenyewe kutoka Japani, ningekuandikia barua ngumu zaidi ya hii.

Lakini sitakudanganya. Kurudisha gari na kupewa milioni 4.6 zako baada ya miezi minne ya kulitumia ni safari ndefu, yenye wakili na mahakama ya hakimu. Kinachowezekana zaidi ni kulipwa gharama ya injini. Na hapo una mlango ulio karibu: Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Laki 9 za injini pamoja na gharama ya kuvutwa na ripoti ya mkaguzi zinaweza kuingia humo. Hakimu wa mahakama hiyo si fundi. Atasoma ripoti, atatazama picha, na ataliangalia lile boksi la beringi. Ndiyo maana nimekusumbua sana juu ya siku ya kufungua.

Ile karatasi ya yadi usiitie sahihi sasa. Si kwamba yadi ni maadui. Mtu asiyekuwa na wasiwasi hata kidogo hatoi laki 4 na nusu, na huenda hatimaye mkapatana vizuri. Ila leo unaombwa uuze haki ambayo hujui thamani yake. Ripoti ikisema kichujio cha mfyonzo kilizibwa na silikoni ya kiwandani, nusu ni ndogo. Ikisema injini ilikauka oili nawe hukuwahi kufungua boneti, nusu ni neema, ichukue ukashukuru. Waambie kwa heshima: nimelisikia pendekezo lenu, nitajibu baada ya ukaguzi.

Mkifikia kukubaliana juu ya injini iliyotumika, maelewano yaandikwe. Itatoka kwenye gari la mwaka gani, imetembea kilomita ngapi, na waranti ni ya muda gani? Waranti nyingi za injini hizi ni za kuwashwa tu, ikishalia basi. Tena injini ikinoki, vumbi la chuma husambaa mpaka kwenye kipooza-oili, kwenye tabo na kwenye mirija. Fundi akifunga injini nyingine bila kubadilisha kipooza-oili na kuisafisha mirija, vumbi lile lile litaimaliza na ya pili, na yadi watasema, unaona, ni mguu wako. Hakikisha kazi hiyo imeandikwa kwenye bei. Na namba ya injini iko kwenye logibuku, kwa hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri, lazima wajulishwe, na kama jina la Sacco liko kwenye logibuku pamoja na lako, nao vilevile.

Habari ya kupasua sampu sitaijadili kwa urefu. Bima kubwa hailipi injini iliyokufa yenyewe, na huyo fundi anajua, ndiyo sababu anataka utengeneze jiwe. Ni wizi, na mkaguzi wa bima ataona kwa dakika tano kwamba sampu imepasuliwa kwa nyundo baada ya injini kunoki, kwa kuwa beringi zitamwambia. Utatoka kwenye deni uingie kwenye jinai, na uwaachie mke na mtoto wako jina la aina hiyo. Huyo fundi asiliguse gari lako.

Nimeacha Sacco na baba mwisho, ingawa nadhani hao ndio wanaokunyima usingizi. Mkopo wa milioni 3 una wadhamini, wenzako wa kazini waliotia sahihi kwa ajili yako. Ukikosa kulipa, akiba zao ndizo zinazoguswa. Wewe unaona aibu kwa baba, lakini kuna watu wanne au watano wanaokunywa chai nawe kila asubuhi na hawajui kwamba pesa zao ziko kwenye gereji ya Changamwe. Nenda Sacco wiki hii, kabla hujakosa hata mwezi mmoja, ueleze hali na uombe ratiba ya kulipa ipanuliwe. Sacco humsikiliza aliyekuja mwenyewe kuliko aliyefuatwa. Kisha kaa na wadhamini wako, uwaambie kwa mdomo wako.

Mke wako mwambie yote usiku wa leo. Nusu ya habari inamtesa kuliko habari nzima, kwa sababu nusu iliyofichwa anaijaza mwenyewe.

Kwa baba, nenda Kilifi. Usipige simu, na usimtume mama akutangulie. Usianze na injini. Anza na laki 8: "Baba, zile pesa za shamba ulinipa nifanye biashara, nami nilinunua gari." Hilo ndilo analolijua na amelinyamazia. Halafu ndipo umweleze lililotokea Mazeras, na kwamba habari ya rangi haikuwa kweli. Huenda akakukemea, nawe utavumilia, ni baba yako na minazi ile ilikuwa yake. Lakini mzee aliyeuza shamba anajua kitu kimoja ambacho wewe kwa sasa unakihitaji sana: namna ya kukaa mezani na mfanyabiashara bila pupa. Ningefurahi nikisikia siku ya kufungua injini alikuwepo, amekaa kwenye kiti pale gereji. Mafundi na watu wa yadi huchunga maneno mbele ya mzee aliyenyamaza.

Bwana wa Malindi naye mwambie asubiri. Milioni 1.8 haikulipii hata mkopo, na ukishampa funguo, injini imekwenda naye, na dai lako limekwenda nayo. Ikiwa baada ya ripoti na baada ya yadi kujibu bado utataka kuliuza, utaliuza likiwa na karatasi zinazoeleza lilivyokufa, na mnunuzi mwenye akili huzilipia karatasi hizo. Barua ya yadi ukishaiandika, nitumie nakala kabla hujaipeleka. Nitaisoma neno kwa neno.